Siku nzima mbele ya bahari iliyosimama wima

Kazi yangu ni kutazama. Wachoraji wa kidijitali hutuma picha za mandhari ya njozi, nami huchagua zitakazoingia kwenye maonyesho na kumwandikia kila mmoja nilichokiona katika kazi yake. Siku ya leo ilikwenda hivi.

Saa moja asubuhi. Kabla ya picha, skrini. Ninaiwasha mapema itulie, ninapunguza mwanga wake ulingane na wa chumba, kisha ninakagua rangi kwa kifaa cha kupimia. Skrini iliyozidi ubuluu husingizia kila ukungu, na anayebeba lawama ni mchoraji.

Saa mbili na nusu. Mzunguko wa kwanza. Kila picha naifanya ndogo kama stempu na kuiangalia kwa muda mfupi. Nyangumi angani, miezi mitatu, maporomoko yanayopanda badala ya kushuka: yote napenda, lakini yakikusanyika katika picha moja jicho halipati pa kutua. Nyingi zinaishia hapa.

Saa nne. Moja imenikamata, na sikuiacha hadi adhuhuri.

Bahari imesimama wima, juu kuliko milima, na chini yake kuna kijiji ambako watu wanaanika nyavu. Hakuna anayekimbia. Jua liko nyuma ya maji. Kwa kuwa maji hunyonya wekundu wa mwanga kwanza, nuru inayofika kijijini ni ya kijani na buluu, na mchoraji ameifuata hadi kwenye kuta za nyumba na mikunjo ya nguo. Milima ya mbali imepauka na kuingia ubuluu, vilevile Leonardo da Vinci alivyowashauri wachoraji karne nyingi zilizopita. Sheria iliyovunjwa ni moja tu. Nyingine zote zimeheshimiwa, na ndiyo maana naiamini bahari ile.

Wakubwa wa surealisti, sanaa inayochora mambo ya ndotoni kana kwamba ni ya kweli, walilijua hili. René Magritte alipochora mwaka 1959 jiwe kubwa linaloelea likiwa na ngome kileleni, chini yake aliweka bahari yenye mawimbi ya kweli, na jiwe lenyewe ukilitazama unauhisi uzito wake. Saa laini za Salvador Dalí, za mwaka 1931, zimewekwa mbele ya majabali ya pwani ya Catalonia aliyoyafahamu tangu utotoni. Picha hiyo ina sentimita 24 kwa 33 tu, lakini uwanda wake hauna mwisho.

Saa saba mchana. Mchoraji ameniletea faili lenye tabaka zake zote, yaani sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hii ndiyo neema ya kazi za kidijitali: tangu Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilipopata tabaka mwaka 1994, unaweza kuifumua picha bila kuiharibu. Nazima tabaka moja moja. Nikizima mawingu, hakuna kinachoharibika. Yametokana na kelele ya Perlin, kanuni ya hesabu ambayo Ken Perlin aliibuni miaka ya 1980 ili kompyuta iache kutoa nyuso laini mno. Nikizima ukungu mwembamba ulio kati ya kijiji na maji, picha inaanguka. Bahari inasogea karibu na kuwa ukuta wa kawaida tu, pengine wa bustani. Kumbe ukubwa wote ule ulikuwa umebebwa na ukungu ambao hakuna mtazamaji atakayeutaja! Nimeuwasha na kuuzima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Saa kumi jioni. Barua. Kwa mmoja nimeandika: “Ndugu yangu, visiwa vyako vinavyoelea ni vizuri, lakini kila kimoja kina jua lake. Chagua jua moja, ili vivuli vyote vilifuate.” Kwa mwingine, mto wake wa dhahabu hauna chanzo wala mahali unapokwenda. Mto wa ndotoni nao lazima utoke mahali.

Saa moja usiku. Nimeigeuza ile picha kushoto kulia, kisha nikaiondolea rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Imesimama imara mara zote mbili. Nimeipanga ya tatu katika maonyesho, baada ya mandhari mbili tulivu zenye upeo wa kawaida, ili mtazamaji awe ameshazoea bahari inayolala.