Jinsi mazigazi yalivyotuondolea kutapika safarini

Mwanangu wa miaka 7 alikuwa hamalizi saa moja ndani ya gari bila kutapika, na likizo hii ya kiangazi tulikuwa na safari ya siku mbili kwa barabara. Ninaandika kwa furaha kwamba siku ya pili hakutapika hata mara moja, na kwamba karibu ushauri wote tuliopewa kabla ya kuondoka haukutufaa kitu.

Wa kwanza ulikuwa wa kumshindisha njaa. Tuliondoka alfajiri bila yeye kutia kitu kinywani, na kabla jua halijapanda alikuwa anatapika nyongo tupu huku machozi yakimlengalenga. Tangu hapo anakula kidogo, chakula kisicho na mafuta mengi, na maji anakunywa funda moja moja.

Wa pili unaniudhi hadi leo. Shemeji yangu alikuwa amesisitiza kwamba mtoto apewe simu yenye katuni ili alisahau gari. Nikampa. Kwa dakika kama 10 alicheka mpaka nikaanza kumshukuru shemeji kimoyomoyo, kisha ghafla akanyamaza. Nilipogeuka, midomo ilikuwa imepauka, vijitone vya jasho vimemtoka chini ya pua, na alikuwa akipiga miayo mfululizo huku simu ameikamata kwa mikono miwili. “Mama, nasikia…” Hakumaliza. Yalienea kwenye simu, kwenye mkanda na kwenye viatu vya mdogo wake, nasi tukasimama kando ya barabara tukisugua kwa muda ambao ungetosha kufika mji uliofuata. Kunyamaza na miayo ndiyo dalili za kuangalia. Ukisubiri mtoto alalamike, umechelewa.

Nilikuja kuelewa kwamba ndani ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji, nayo huujulisha ubongo kila mwili unapoyumba au kukata kona. Macho yakizama kwenye simu, yanauambia ubongo kwamba mwili umetulia, na mgongano wa habari hizo mbili ndio unaoleta kichefuchefu. Dawa, basi, ilikuwa kuyapeleka macho mbali, mbele ya gari. Lakini mtoto gani atakubali kutazama lami saa nzima kwa sababu mama amesema?

Jibu lililetwa na mdogo wake wa miaka 4, aliyepiga ukelele adhuhuri: “Baba, simama, tumefika ziwani!” Mbele yetu barabara ilikuwa inang’aa kama imefurika. Yalikuwa mazigazi: hewa iliyogusana na lami ya moto huwa nyepesi kuliko ile ya juu yake, mwanga unaposhuka hapo unapinda kuelekea juu, na jicho linaona kipande cha anga kimelala chini likadhani ni maji. Mara lori likatokea likielea bila magurudumu, na kivuli chake kimepinduka chini yake kama kwenye bwawa.

Papo hapo nilimhamishia mkubwa kiti cha katikati cha nyuma, kwenye kiti chake cha kuinua na mkanda wake, ambako aliona barabara vizuri katikati yangu na baba yao. Nikaweka mashindano: anayeona maji kwanza anapata alama moja, na anayetambua kinachoogelea ndani yake kabla hakijafika anapata tatu. Walimwona ng’ombe asiye na miguu, na pikipiki mbili zilizogandana kichwa chini ambazo zilipokaribia zikawa moja. Ziwa lilikimbia kila tulipolisogelea, na mtoto aliyekuwa mgonjwa akawa anabishana kwa sauti kubwa kuhusu alama zake.

Milimani, penye kona nyingi, mazigazi hayakuonekana, tukabadilisha mchezo ukawa wa kuchagua kilele cha mbali kabisa na kutokiacha. Hapo baba yao alipunguza mwendo, madirisha tukayafungua kidogo, na mara moja tu tulishuka wote kutembea kwa sababu miayo ilikuwa imeanza tena.

Jioni lami ilipoa na maji yakatoweka. “Mama, nani ameyanywa?” aliuliza mdogo. Kaka yake alimweleza habari ya hewa ya moto kwa kirefu, akaongeza kwamba anaongoza kwa alama 11, kisha akasinzia. Kopo la kutapikia lilikuwa bado limefunikwa chini ya kiti, kavu.