Dada wa baba, au dada wa mama?

Jumapili, saa nne usiku.

Shangazi ameshalala. Kesho alfajiri nampeleka kliniki ya macho, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Ijumaa nilipompokea stendi alipofika kutoka Tanga, nilimwona anavyopapasa ngazi ya basi kwa ncha ya kiatu kabla hajakanyaga, nikanyong'onyea. Hakuniambia kwenye simu kwamba imefikia hapo.

Leo tulipomaliza kula akajifuta mikono, akasema, "Baba, niwekee yule mwenzangu."

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, baba yake. Na mwenzake ni Mame Dennis, wa filamu ya Auntie Mame ya mwaka 1958. Nimeshaacha kuhesabu ni mara ngapi tumeiona pamoja. Niliinunua Kariakoo, DVD iliyotumika, ndani ya lundo la filamu za zamani ambazo muuzaji alitaka tu ziondoke. Zile nyingine sijui ziko wapi leo. Hii nimehama nayo nyumba tatu.

Nakumbuka nilipomwekea mara ya kwanza. Filamu haijafika popote, akanisimamisha: "Hebu ngoja. Huyu ni dada wa baba, au dada wa mama?"

Nilikuwa nimeshaiona mara kadhaa peke yangu na swali hilo halijawahi kunipitia. Kiingereza kina neno moja, auntie, kwa wote: shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, hata mke wa mjomba. Kwetu huwezi kuanza kusikiliza hadithi kabla hujajua, maana ukishajua umeshajua nusu ya mambo: nani ana haki gani, nani anapaswa kunyamaza, nani ataulizwa mambo yakiharibika. Jibu lenyewe lipo mwanzoni kabisa. Mwaka 1928 tajiri mmoja wa Chicago, Edwin Dennis, anaandika wasia. Akifa, mwanawe mdogo Patrick apelekwe New York kwa dada yake Mame. Hamwamini huyo dada hata kidogo, na wasia unalisema hilo waziwazi, kwa hiyo anaweka na msimamizi kutoka benki, bwana Babcock, achunge mtoto asije akaharibiwa. Haupiti muda, Edwin anakufa.

"Dada wa baba," nikamwambia.

"Basi ni shangazi. Mtoto ni wake. Haya, endelea."

Tangu siku hiyo siwezi kuiona filamu hii kwa jicho jingine. Nimesoma watu wakimwelezea Mame kama mwanamke wa vituko, tajiri mpenda sherehe aliyeangukiwa na mtoto. Vituko anavyo, sikatai. Patrick anapofika Beekman Place, kwa Mame kule New York, ameshikwa mkono na yaya wake Norah, mlango unafunguliwa nyumba imejaa watu, moshi na kelele, na Mame anashuka ngazi na kile kishikio chake kirefu cha sigara. Lakini kwetu shangazi ni baba wa kike. Akimchukua mtoto wa kaka yake hafanyi hisani, anakaa mahali pa kaka yake. Na ukimtazama Mame vizuri utaona ndivyo anavyofanya tangu dakika ile ya kwanza. Hamuulizi mtu kama amchukue. Hasemi atafikiria.

Kuna kitu anampa mtoto usiku huohuo ambacho mimi nakipenda kuliko nguo na mapambo yote ya filamu hii, na ni karatasi na penseli. Anamwambia aandike kila neno asilolielewa. Sherehe inaendelea, watu wazima wanaropoka mambo yao, na yule mtoto anapita katikati yao na karatasi yake, anaandika. Baadaye anamsomea shangazi yake orodha. Maneno mengine si ya kumsomea mtoto wa umri ule, na Mame anajikuta pabaya, lakini hamcheki wala hamfokei kwa kuyasikia. Fikiria: mtoto amefiwa na baba, hana mama, yuko kwenye nyumba ya watu asiowajua, na kitu cha kwanza anachofundishwa ni kwamba asichokielewa akiandike na aulize. Mimi nilikulia nyumba ambayo mtoto akiuliza neno la wakubwa anaambiwa toka nje ukacheze. Shangazi ndiye aliyekuwa ananijibu. Nilikuwa namsubiri uani wakati akichambua mchele, namwuliza lile neno nililolisikia barazani, naye anaendelea kupepeta, ananieleza kwa sauti ya chini bila kuniangalia.

Pombe ni habari nyingine. Pale Patrick anapomchanganyia bwana Babcock martini kwa mikono yake mwenyewe, shangazi husema "Astaghafirullah" kila mwaka, na leo amesema tena. Hapo hatukubaliani na Mame, mimi wala yeye.

Kisha inakuja Oktoba 1929, soko la hisa linaporomoka, na Mame anabaki hana kitu. Babcock ameshamnyang'anya Patrick na kumpeleka shule ya bweni, baada ya kumkuta kwenye shule ya majaribio kule Greenwich Village, mtaa wa New York, ambako walimu na watoto walikuwa hawana nguo mwilini. Mame anaanza kutafuta kazi. Zote zinamshinda. Kwenye duka la Macy's anawekwa auze viatu vya magurudumu, na anajua namna moja tu ya kuandika mauzo, ile ya mteja kulipa mzigo ukishafika nyumbani. Anakuja mteja mwenye pesa zake mkononi anataka kulipa sasa hivi, Mame anamsihi akubali kuletewa. Rosalind Russell, mwigizaji wa Mame, anaucheza ule wasiwasi kwa vidole, anavyofungua na kufunga kile kitabu cha risiti, na huwa nacheka, lakini kifua kinanibana. Najua mtu mzima anavyojisikia anaposhindwa kazi ambayo binti wa miaka 18 anaiweza.

Siku hiyo inaishia nyumbani. Krismasi haijafika, lakini wameamua kupeana zawadi mapema kwa sababu kila mtu amechoka kuhuzunika. Mame amempatia Patrick suruali ndefu yake ya kwanza. Norah na Ito, mtumishi wa nyumba, hawajalipwa mshahara siku nyingi, lakini wao ndio wamelipa deni la bucha kwa akiba zao. Shangazi hulipenda hilo la bucha kupita yote. "Deni la bucha si mchezo," huwa anasema. "Yule mtu unapita dukani kwake kila siku."

Huyo Ito, lazima niseme, ananiuma. Ni Mjapani aliyeandikwa acheke kihihihi na kuinamainama, basi. Na kule Georgia kwenye shamba la Beauregard, yule tajiri wa mafuta anayemwoa Mame, watumishi weusi wanapita nyuma ya picha kama viti. Filamu inayojivunia moyo mpana haikuwaona watu hao. Naipenda nikijua hilo, na shangazi pia hulitaja. Na kwa Agnes Gooch, yule karani wake mwenye haya, Mame alikosea: alimvisha, akamsukuma nje akaishi kama yeye, binti akarudi na mimba. Peggy Cass anachekesha sana katika nafasi hiyo, lakini huwezi kumpangia mtu maisha yake.

Sasa nije kwenye posa, maana hapo ndipo mimi na shangazi tunaposogeza viti.

Beauregard ameshakufa, ameanguka mlimani huko Alpi akipiga picha. Patrick amekua, amefundishwa na Babcock na mashule yake, na anataka kumwoa Gloria Upson, binti wa watu wa Connecticut. Mame anakwenda kuwaona wazazi. Mimi nilikuwa naiona sehemu hii kama vichekesho vya matajiri wasio na ladha, pamoja na vinywaji vyao vya kutiwa asali. Shangazi akaniamsha. "Huko ndiko kazi yangu ilipo," alisema. "Kijana akitaka kuoa, shangazi anatangulia kuona anaingia kwa watu gani." Na Mame anaona. Katikati ya ukarimu wote ule, wale wakwe wanamwambia kiwanja cha jirani kinauzwa na Wayahudi wasije wakakipata, basi afadhali wao na yeye wakinunue wawape watoto wao. Wanasema hivyo huku wanatabasamu, kama watu wanaozungumzia mvua.

Mame hapigi kelele pale. Anarudi nyumbani, kisha anawaalika wote kwa chakula cha jioni, na anawaacha wawaone jamaa zake walivyo. Makochi ya nyumba siku hiyo ni yale ya mtindo mpya, yanapanda na kushuka yenyewe, na wakwe wananing'inia hewani miguu haigusi sakafu. Shangazi hucheka mpaka anashika ubavu. Halafu inatoka habari kwamba kile kiwanja Mame amekinunua, lakini ajenge makao ya watoto wakimbizi wa Kiyahudi. Posa inavunjika sebuleni. Kuna watakaosema mama huyu ameingilia maisha ya kijana. Kwetu shangazi akikaa kimya siku hiyo, ndiye atakayelaumiwa miaka 10 baadaye.

Baadaye Patrick anamwoa binti mwingine, Pegeen, na anamwoa kwa furaha.

Leo ilikuwa tofauti, kwa sababu ya macho. Shangazi alikaa karibu na televisheni, akaniambia nimsimulie nguo. Kwa hiyo nikawa namweleza: sasa kabadilisha, sasa sebule imepakwa upya, maana nyumba ile inapambwa upya kila maisha ya Mame yanapogeuka, ila ngazi ni ileile. Alikuwa anaitikia tu, "Mm. Mm." Taa zinamsumbua, picha yenye mwanga mwingi anaiona kama ukungu. Lakini mwongozaji, Morton DaCosta, alikuwa ameiongoza hadithi hii jukwaani Broadway mwaka 1956, Russell huyuhuyu akiwa Mame, na alipoipeleka kwenye filamu akabaki na desturi ya jukwaani: mwisho wa tukio taa zinazima chumba kizima, unabaki uso wa Mame peke yake gizani.

Ilipotokea, shangazi akanishika mkono. "Hapo namwona."

Nikasimamisha filamu. Tukakaa hivyo, ule uso umetulia kwenye giza. Akauangalia kwa muda mrefu. "Kazeeka kidogo," akasema. "Au ni mimi."

Tukaendelea, na kila taa zilipozima nikawa nasimamisha.

Wakati nikimtengenezea chai nilimsimulia habari za nje ya filamu, anazipenda. Kwamba iliteuliwa mara sita kwenye tuzo za Oscar isipate hata moja. Kwamba kitabu kilichoizaa kilitoka mwaka 1955 kwa jina la Patrick Dennis, lakini jina halisi la mwandishi ni Edward Everett Tanner, na miaka yake ya mwisho akafanya kazi ya utumishi kwenye nyumba za matajiri. Kwamba yeye na Russell walifariki mwezi mmoja, Novemba 1976. Na kwamba watu walimtaja Marion Tanner kuwa ndiye Mame wa kweli, mama wa Greenwich Village aliyefungulia nyumba yake watu wasio na pa kulala.

"Na huyo Marion alikuwa nani kwake?"

"Dada wa baba yake."

Akatabasamu, akapuliza chai.

Mwisho ni pale ngazini. Patrick sasa ana mtoto, Michael, na Mame anataka kuondoka naye kwenda India. Nikamwambia shangazi, amevaa Kihindi, anapanda ngazi, amemshika mtoto mkono, anamhadithia mambo atakayoyaona huko, na mtoto anamtazama yeye tu, haangalii anapokanyaga.

"Na mama yake karuhusu?"

"Karuhusu, shangazi."

"Haya. Zima tukalale, kesho mapema."