Barzilai alikataa kuhama

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na 2 Samweli 19, kuanzia mstari wa 31. Daudi anarudi Yerusalemu baada ya ile vita ya Absalomu, mwanawe aliyemuasi, na Barzilai, mzee wa miaka 80, amekuja kumvusha Yordani. Mfalme anamwambia twende wote, nitakutunza kwangu. Ni maneno ya upendo kabisa. Lakini mzee anasema mimi hata ladha ya chakula siskii tena, wacha nirudi nikafie mji wangu, penye kaburi la baba na mama. Na Daudi hakubishana. Alimbusu, akambariki, mzee akarudi kwake.

Hapo ndio nimechomwa, juu mwaka jana sisi tulimtoa senje wangu, yaani shangazi, Vihiga tukamleta nyumba ya wazee huku Kisumu na hakuna mtu alimuuliza. Tulimwambia ati anaenda kupimwa presha wiki mbili tu. Alikuwa ameanguka jikoni mara mbili, watoto wake wako mbali, mimi kazi yangu ni ya shifti, na wale wasichana wanaomuogesha kule wana roho safi jamani Mungu awabariki. Kumhamisha haikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa ule uongo. Siku ya kwanza alikaa pembeni ya kitanda na koti yake, mkoba kwa magoti, kutoka saa nne mpaka saa kumi jioni akingoja tumrudishe, na ufunguo wa nyumba yake ameufunga kwa pembe ya leso.

Nilirudi wiki iliyofuata nikamwomba msamaha na nikamwambia ukweli wote. Alilia. Nilitaka kusema "utazoea senje," Mungu akanifunga mdomo, nikashika tu mkono wake. Mama wa kwetu akitoka kwa boma ameacha kaburi la mzee wake, ameacha benchi yake kanisani, majirani wa kumbishia hodi asubuhi, ng'ombe, kila kitu. Hiyo ni matanga kabisa, na kwa matanga huwa tunakaa na mtu, hatumharakishi.

Tulimpelekea kigoda chake na redio. Mimi huenda kila Alhamisi, na nikisema Alhamisi ni Alhamisi, kwa sababu mzee akikungoja ukose kufika hiyo siku inakuwa ndefu sana. Kina mama wa kanisa walikuja kumwimbia kwa Kiluhya, pasta akamletea Meza ya Bwana pale pale kitandani. Disemba tulimpeleka nyumbani akaone kaburi, wengine walikuwa wanaogopa atakataa kurudi, na kweli alilia kwa gari mpaka Kiboswa, halafu akaomba tumnunulie ndizi.

Siku hizi mpishi humpea mrenda achambue, anasema wale wengine wanaacha vijiti. Alhamisi iliyopita aliuliza tena kuku wake nani anawapa mahindi. Zamani ningebadilisha mada. Nilimwambia ukweli, yule jogoo mwekundu tuliuza. Alikasirika, akanyamaza kidogo akiendelea na mboga yake, halafu akaniuliza, "Mliuza pesa ngapi?"