Faili lipo kwenye seva, mashine B inasema halipo

Foleni ya picha sasa inakwenda bila kusubiri dakika nzima. Mpangilio ni huu: mashine A inachambua picha za droni za mashamba ya zabibu ya Hombolo na kuziandika kwenye seva, mashine B inazichukua na kuunga ramani. Seva ni desktopu kuukuu yenye Debian (Linux), diski ya ext4 na NFS 4.2 (njia ya mashine kutumia folda za seva kupitia mtandao), swichi ya gigabiti, zote chumba kimoja hapa Dodoma. Habari za exports (orodha ya folda ambazo seva inazigawa) na kumaunti (kuiunganisha folda hiyo kwenye mashine) tuziruke.

Kizungumkuti kilikuwa hiki. A ikimaliza fungu huweka faili tupu, tuseme `fungu-041.tayari`. B huchungulia kila sekunde 2 kwa `os.path.exists` ya Python, inayouliza kama faili lipo. Ukipiga `ls` (amri ya kuorodhesha mafaili) kwenye seva yenyewe, faili lipo. B inarudisha False, sekunde 20, 40, mara nyingine inakaribia 60, halafu ghafla inaliona.

NFS haijawahi kuahidi kwamba kinachoandikwa huku kitaonekana kule papo hapo. Ahadi yake ni ya funga-kisha-fungua: anayefunga faili huwa amesukuma data zote kwenye seva, na anayelifungua baadaye huuliza seva kwanza. Katikati hapo kila mashine inaishi kwa kache yake, yaani nakala za majibu ya awali. Kerneli (kiini) ya Linux hutunza sifa za faili, kama ukubwa na saa ya kubadilika, kwa sekunde 3 hadi 60, na za folda sekunde 30 hadi 60. Linalosahaulika ni kwamba hata jibu la "hakuna" linatunzwa. B ikiuliza jina likakosekana, kerneli hukariri kwamba halipo, kama mlinzi wa geti aliyeambiwa asubuhi mwenye nyumba katoka, akaendelea kuwajibu wageni hivyohivyo na gari limeshaingia. Folda ikikaa bila kubadilika, muda wa kukariri unapanda mpaka kikomo cha sekunde 60. Kwa hiyo fungu lililochukua muda mrefu kwa A ndilo linalocheleweshwa zaidi kwa B. Inaudhi!

Ushahidi hauhitaji Wireshark, programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao. Soma hesabu za `nfsstat -c` kwenye B kabla na baada: skripti imeuliza mara 15 ndani ya sekunde 30, namba ya lookup (maswali ya majina yaliyofika kwa seva) haijasogea. Na angalia mtego wa majaribio: B ikiandika chochote kwenye folda hiyohiyo, jibu la seva linaifichulia kwamba folda imebadilika, na tatizo linajificha. Jaribu na B inayosoma tu.

Dawa ya kwanza inayotajwa na kila mtu ni `noac`, chaguo la kumaunti linalozima kache ya sifa. Inatibu, lakini inafanya pia kila uandishi usubiri seva, na kazi ya picha inakuwa ya kinyonga. `actimeo=1` (sifa zitunzwe sekunde 1 tu) ni nafuu kidogo, ila kila picha inaulizwa sifa zake tena na tena. Inayolenga penyewe ni `lookupcache=positive`: majibu ya "lipo" yanatunzwa, ya "halipo" yanatupwa. Fanya umount kisha maunti upya, na uhakikishe kwa `nfsstat -m`. inotify, huduma ya kerneli ya kuarifu folda ikibadilika, usihangaike nayo. Kerneli ya B haina habari ya kilichofanywa na A.

Kuhusu `async` kwenye exports: kasi yake inavutia, lakini seva inajibu "tayari" kabla data haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika na betri ya UPS imechoka, A inaamini fungu limehifadhiwa kumbe halipo. Bakini na `sync`. A iandike kwa jina la muda, ipige fsync (kulazimisha data ifike diskini), ifunge, ndipo ibadilishe jina. Na picha isiandikwe juu ya ya zamani. Ipewe jina jipya, la sivyo msomaji aliyeishikilia anaweza kupata kosa la ESTALE (faili alilolishika halipo tena), hasa kwenye NFSv3, toleo la zamani.

Hatua iliyokuwa inafuata ni `fsc` na cachefilesd, yaani kutunza nakala za picha kwenye diski ya B. Imewekwa kando, kwa kuwa B husoma kila picha mara moja tu, na wazo jingine limeiteka kazi: A itume ujumbe mfupi kwa mosquitto (programu ya kupokea na kusambaza jumbe) fungu likiwa tayari. Ujumbe unafika mara moja, lakini kuchungulia kwa zamani kukiwa bado kunaendelea, B bado inapata ENOENT, kosa la "faili halipo". Kuchungulia ndiko kunakopanda lile "halipo". Ondoa mzunguko wa `os.path.exists`, na jina ambalo B haijawahi kuliuliza halina jibu la zamani. Swali la LOOKUP linakwenda moja kwa moja kwenye seva. Hata `lookupcache=positive` haihitajiki tena.

Kwa ujumbe unaopotea mosquitto ikizimika, B inapiga `os.listdir` (kuorodhesha folda) kila dakika. Kufungua folda yenyewe kunailazimisha kerneli iulize sifa upya, mradi hukumaunti kwa `nocto`, inayozima ile ahadi ya funga-kisha-fungua.