Fimbo Iliponyamaza

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu, yule mdogo aliyekuja likizo kutoka Matondoni, alikuwa akishuka kutoka darini na sinia la vikombe vya chai, nami nilikuwa nimesimama chini ya ngazi nikimwangalia. Alipofika katikati alisita, akaniuliza, "Bibi, mbona kila nikibeba kitu wewe hufunga mikono nyuma?" Nilimwambia ashuke kwanza, tutazungumza baadaye. Hatukuzungumza, kwa sababu vikombe vilifika salama naye akatoka kucheza, lakini swali lake lilinirudisha kwenye kona moja ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ambayo sijawahi kuiandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa mafunzo ya ualimu wa watoto wasioona. Yale ya darasani nayapita haraka: usiku mwingi juu ya kibao cha Breli na kalamu yake ya kutobolea, ambapo mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto ili karatasi ikigeuzwa nukta zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia, mashine ya Perkins yenye vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na vidole vyangu vya mtu mzima ambavyo havikukubali kamwe kusoma bila msaada wa macho. Hayo yote mtu huyapata kwa kukaa na kurudia. Lililonishinda mimi lilikuwa mikono.

Kozi yetu ilitupa miezi ya Breli na siku chache tu za njiani, jambo ambalo hadi leo naliona kuwa kosa, maana mtoto asiyeweza kufika shuleni kwa miguu yake atasoma Breli ya nani? Hizo siku chache tuliletewa mkufunzi ambaye mwenyewe hakuwa anaona tangu utotoni. Asubuhi ya kwanza alitufunga vitambaa machoni, akatutembeza tukishikana na kuta, tukagongana, mwenzetu mmoja akalia. Tulipofungua vitambaa tulianza kusema jinsi tulivyowaelewa wasioona. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Leo mmeonja kupofuka. Kuishi bila kuona hamjakuonja." Tangu siku hiyo sijawahi kumfunga mwalimu mwanafunzi kitambaa bila kumwambia maneno hayo kwanza, kwa sababu hofu ya nusu saa ni rahisi kuidhania kuwa maarifa, na mwalimu aliyetoka na hofu hiyo humfundisha mtoto kuogopa.

Yeye ndiye aliyetueleza kwamba namna ya kutembea na fimbo ndefu, ambayo ncha yake hugusa chini upande wa kushoto mguu wa kulia unapotangulia, na kulia unapotangulia wa kushoto, ilibuniwa na Richard Hoover huko Marekani katika miaka ya 1940, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mkono hukaa katikati ya mwili, karibu na kitovu, na ncha ya fimbo huyumba kwa upana unaozidi kidogo ule wa mabega. Kisha akacheka, akatuambia tukampimie upana wa vichochoro vya Lamu. Kuna mahali ambapo fimbo ikiyumba kama kitabu kisemavyo hugonga kuta zote mbili, na kuna baraza zinazochomoza kutoka kila mlango. Kwa hiyo ilitubidi kumpunguzia mtoto upana wa myumbo na kumwongezea masikio.

Mwanafunzi wangu alikuwa na miaka 10, mtoto wa mvuvi wa Langoni. Tangu alipoanza kutembea, mama yake alikuwa akimwongoza kwa kumshika kifundo cha mkono na kumtanguliza, na nilipomwambia kwamba kuanzia sasa mtoto ndiye atakayemshika mwongozaji, juu kidogo ya kiwiko, akae nusu hatua nyuma yake ili ausikie mwili wa mwenzake ukipanda na kushuka, alinikubalia kwa adabu. Ila nilipoitaja fimbo alinyamaza kwa muda mrefu. "Mwalimu," akasema mwishowe, "ndia zetu hazimtoshi mtu na punda, nawe wataka kumwata mwanangu ende pekee?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwomba wiki sita.

Katika wiki hizo mtoto alinifundisha mji wangu. Mimi nilizaliwa Amu, yaani Lamu, lakini sikuwa nimewahi kutambua kwamba ukienda Ngomeni kutoka Mkomani, bahari ikiwa kushoto kwako, kila uchochoro unaoteremka ufukoni hukupiga upepo wa kaskazi kwenye shavu la kushoto. Kwamba maji ya mifereji yanashuka upande huo huo. Kwamba chini ya wikio, pale nyumba inapovuka juu ya uchochoro, sauti ya hatua hubadilika kwa sababu juu yako kuna chumba cha watu. Alikuwa akialisha vidole, tap, akasikiliza ukuta unavyomjibu, akasema, "Hapa pana daka," na daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, lilikuwapo.

Siku ya mtihani, ambao ulikuwa wangu na si wake, ilimpasa atembee peke yake kutoka kwa shangazi yake Mkomani hadi uwanja wa mbele ya Ngome. Mimi niliruhusiwa kumfuata hatua chache nyuma. Mkufunzi alikuwa nyuma yangu, naye na fimbo yake, akiisikiliza fimbo ya mtoto. Mambo yalikwenda vyema kupita nilivyotarajia, nami nilikuwa tayari nimeanza kuifikiria furaha ya mama yake.

Tulikuwa chini ya wikio, mahali ambapo mfereji unakatiza uchochoro. Mbele yetu njia inapinda. Nilisikia kwato, kisha sauti ya mvulana, "Similla! Similla!" Mtoto alifanya kila nilichomfundisha: alisimama, akaigusa baraza kwa fimbo, akajibanza ukutani, akaisimamisha fimbo wima mbele ya kifua chake ili isimkwaze mnyama. Kisha punda akatokea konani. Hakuwa amebeba shogi za mchanga, yale makapu ya ubavuni, kama nilivyozoea kuwaona pale. Alikuwa amefungiwa boriti za mikoko ubavuni, na ncha zake zilitangulia mbele ya kichwa chake, zikicheza juu na chini, usawa wa uso wa mtoto wa miaka 10.

Fimbo haijui kilicho juu ya kiuno. Hilo nililijua, nilikuwa nimelijibu kwenye karatasi ya mtihani wiki moja kabla, pamoja na namna ya kuinua mkono mbele ya uso kujikinga. Lakini pale sikukumbuka karatasi. Nilimrukia. Nilimshika mabega yote mawili, nikamzungusha, nikamsukumia ndani ya daka, nikamfunika kwa mwili wangu na buibui langu. Nilimsikia punda akipita nyuma ya mgongo wangu, nikasikia harufu ya mti mbichi wenye chumvi, na mvulana akisema, "Niwie radhi, Mwalimu," huku akiendelea na safari yake. Boriti zilipita wapi hasa, umbali gani kutoka ukuta ule aliokuwa ameegemea mtoto, sikuona. Uso wangu ulikuwa juu ya kofia yake.

"Mwalimu," akasema chini ya buibui, kwa sauti ndogo, "nilishamsikia."

Nyuma yetu mkufunzi alikuwa amesimama. Hakuuliza kama tumeumia. Aliuliza, "Fimbo imenyamaza kwa nini?"

Ilikuwa imeanguka. Niliinama kuiokota, akaisikia nguo yangu ikisogea, akasema, "Mwache aitafute." Nikasimama. Mtoto alipiga magoti, akaanza kupapasa sakafu kwa duara, dogo kwanza, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, kama tulivyofanya mara nyingi na sarafu uani kwao. Aliipata mfereji­ni, akaipangusa kwa kikoi chake. Sasa mkufunzi akamuuliza yeye, kwa upole, "Baba, Ngome iko wapi?"

Mtoto alifungua kinywa, akakifunga. Hakujua. Nilipomzungusha nilikuwa nimeichukua ramani yote aliyotoka nayo kwa shangazi yake: bahari haikuwa tena kushoto, mlango wa nyumba haukuwa tena nyuma, na chini ya wikio hapakuwa na upepo wa kumwambia. Aligeuka upande huu, akageuka upande ule. Akaalisha vidole, lakini kuta za pande zote mbili zilimjibu sawa. Nilikiona kidevu chake kikianza kutetemeka, na mikono yangu ikajiinua yenyewe. Hapo ndipo nilipoifunga nyuma, kidole ndani ya kidole, na kuibana mpaka ikauma.

Tulisimama hivyo kwa muda ambao watu wawili walipita, wakatusalimia, wakashangaa. Kisha mtoto alivua kandambili moja, akauingiza mguu ndani ya mfereji, akatulia. Maji machache ya kuoshea vyombo vya nyumba fulani yalikuwa yakipita juu ya vidole vyake. Aligeuka polepole mpaka yakawa yanakwenda kushoto kwake. "Kule," akasema, akaonyesha kwa fimbo, na kule ndiko ilikokuwa Ngome. Alivaa kandambili yake akaenda, tak, tak, tak, bila kunisubiri.

Jioni nilimuuliza mkufunzi nilipaswa kufanya nini. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea; nilitaka kumweleza habari ya zile boriti, ambazo yeye hakuziona na mtoto hakuziona. Alizijua tayari, mvulana wa punda alikuwa ameomba radhi kwake pia. "Ungesema," akajibu. "Simama. Boriti usoni. Angeinama mwenyewe." Hakuninyima alama, wala hakulitaja tena jambo lile, na nimewapa walimu wengi jibu hilo hilo tangu siku hiyo: mpe habari, usimpe mkono, maana habari humwacha mahali alipo. Naliamini. Nimeona mtoto akikua kwa kuambiwa na akidumaa kwa kuvutwa.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na akija Amu hupita mbele ya baraza langu akanisalimia kabla sijamsalimia, kwa sababu hunijua kwa kikohozi. Sijawahi kumuuliza kama alipomsikia punda alizisikia na boriti. Ila mara nyingi nikipita chini ya wikio lile hupunguza mwendo, na konani pale hutamka kwa sauti ya chini: simama, boriti usoni. Hutoka yote kabla sijamaliza hatua mbili. Lakini mimi huwa nimeyaandaa maneno tangu mwanzo wa uchochoro, na punda wa siku ile alikuja kwa mwendo gani, sikumbuki.