Masaa 12 kwa mwaka: namna tunafundishana sisi wasindikizaji wa watoto, bila perdiyemu

Tangu mwanzo watu walikuwa wananiambia, hapa Lubumbashi bila perdiyemu, ile pesa ya siku yenye wanagawia wenye kuhudhuria, hakuna mtu atakuja kwenye formasyo. Naandika juu nimechoka kusikia hayo maneno. Kwetu wanakuja, na wanakuja mapema.

Sisi ni kikundi cha watu wa kujitolea, wengi wa komini za Katuba na Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mtoto akiwekwa kwenye familia ya kumpokea, mmoja wetu anamfuata kule, anamtembelea, anamsikiliza, anaandika raporo. Formasyo ya kuanza wote tuliipata. Tatizo ni baada ya pale, unapewa dosye unaachwa nayo peke yako mwaka mzima.

Nikasoma habari za CASA ya Marekani, watu wa kujitolea wenye korti inawaweka kusemea watoto, kazi yenye juji David Soukup alianzisha Seattle mwaka 1977. Kule mtu wa kujitolea anafundishwa masaa 30 kabla ya kupewa mtoto, alafu kila mwaka masaa 12 tena. Nikasema jamani, masaa 12 kwa mwaka si saa moja tu kila mwezi? Hata mama wa soko anaipata hiyo.

Lakini papa mmoja mwenye uzoefu wa miradi akatushauri tufanye kikubwa, sali ya kukodi, avoka, projekta, fanta. Tukachanga, pesa ikaisha karibu yote kwenye sali. Avoka akaanza na Kifaransa, slaidi juu ya slaidi, kisha umeme ukakatika, akaendelea kusoma kwenye simu yake huku watu wanajipepea na makaratasi ya formasyo. Mwishoni mama mmoja akasimama akauliza: mtoto wangu wa dosye, mama wa nyumba anasema ni mlozi, anatembea usiku, sasa mimi niandike nini? Avoka akajibu kifungu cha 160 cha sheria ya 10 Januari 2009, kumsingizia mtoto ulozi ni jela mwaka 1 hadi 3. Ni kweli kabisa, na kila msindikizaji akijue kile kifungu. Ila mama alikuwa bado amesimama, na swali lake bado liko mkononi.

Mwezi uliofuata tukakaa nyuma ya parokia, kwenye viti vya plastiki, na swali la yule mama ndilo likawa formasyo yenyewe. Akasoma raporo yake kwa sauti, majina yote yameondolewa (hilo ni lazima, hata kati yetu), na tukapatana kwamba kila tukisikia kitu chenye hakukiona na macho yake, tunapiga makofi mara moja. "Mtoto ni mlozi", paa! "Anatoka kuroga usiku", paa! "Ana roho mbaya", paa! Mwisho ikabaki sentensi moja: mtoto anaamka usiku, anaenda mpaka mlangoni, anarudi kulala. Basi mwingine akakaa kwenye kigoda akajifanya ndiye mtoto, kimya kabisa, na sisi tukajaribu kumsemesha bila kutumia "kwa nini", juu ukimuuliza mtoto kwa nini anadhani ameshakosa. Ni ngumu kuliko unavyofikiri! Kila mtu alitaka kuhubiri. Yule mama ndiye alipata njia, akauliza pole pole, ukifika pale mlangoni unafanya nini?

Akaenda kumuuliza mtoto hivyo hivyo. Mtoto akamwambia: naangalia kama umefungwa. Kwenye nyumba alikokaa kabla ya hii walikuwa wanamtoa nje usiku. Hayo maneno yakaandikwa kwenye raporo vile mtoto aliyasema, na asistanti sosiali akaenda kuongea na ile familia, mtoto akabaki pale pale, sasa wanamwonyesha kufuli kila jioni kabla ya kulala.

Kwa mwenye kutaka kuanza: transporo kila mtu anajilipia, ni franka kidogo tu kama mko kata moja. Mada msichague ninyi viongozi, itoke kwenye dosye. Avoka tunamwita bado, ila tunamtumia maswali wiki moja mbele, na anajibu kwa Kiswahili. Asiyefika mara mbili mfululizo hapewi mtoto mpya mpaka arudi kukaa na sisi, na hapo sitaki majadiliano na mtu.