Cherehani na Jiwe la Kusagia

Somo la wiki: Nehemia 5:1–13, Kumbukumbu la Torati 24:6–13

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa haujakamilika kilio kilipozuka, na safari hii Wayahudi hawakuwa wanamlilia adui. Wapo walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Walioishiwa kabisa walitoa watoto wao utumwani. Waliowakopesha ni ndugu zao, watu wa ibada moja.

Riba inayotajwa ni sehemu ya mia. Wafasiri wengi huihesabu kwa mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka, na mikopo mingi ya benki Tanzania leo inazidi hapo. Basi kilichowaumiza zaidi ni dhamana. Shamba likishikwa, mkopaji hana tena pa kuvuna cha kulipia, na deni liko palepale.

Torati ililiona hilo mapema. Jiwe la kusagia lisishikwe rehani, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa bila la juu, la chini ni jiwe tu. Mkopeshaji asiingie ndani kuchukua rehani; asimame nje, aletewe. Vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijazama, apate kujifunika. Zamani tuliimbishwa kwamba ubepari ni unyama, leo tunaulizana kama huo ubepari utadumu. Torati haikuanza na jina la mfumo. Ilianza na kile ambacho mdai ameruhusiwa kubeba.

Chukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku. Mtu anaomba 300,000, inakatwa 15,000 ya fomu, anapewa 285,000. Marejesho ni 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Ataambiwa riba ni asilimia 30. Lakini deni linapungua kila jioni, kwa hiyo kwa wastani ameshika nusu tu ya hela ile mwezi mzima. Riba halisi kwa mwezi inakaribia asilimia 60, na fomu bado hatujaihesabu. Ukomo wa Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Siku tatu za mvua, biashara ya barabarani imelala, marejesho yamerukwa, wanakuja kubeba cherehani. Hapo jiwe la juu limeondoka.

Tusinyooshe vidole mbali, maana vicoba vya kanisani, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, navyo vina hesabu zake. Tuseme hisa ni 5,000, ruksa kununua moja hadi tano kwa wiki, na riba ya mkopo ni asilimia 10 kwa mwezi. Mwenye hisa tano kila wiki akikaa na mwenye hisa moja, katika kila shilingi 6 za faida wanazogawana, 5 ni za yule wa kwanza. Na mara nyingi mwenye hisa moja ndiye anayekopa mfululizo. Riba anayolipa mnyonge inakwenda kumnenepesha mwenzake, na tunafunga mwaka kwa sala ya shukrani! Anayeweka mtaji anastahili faida. Kasoro ni pale mkopo wa kununua majora ya kitenge unapotozwa sawa na mkopo wa kumtoa mtoto hospitali. Kutoka 22:25 inamkataza mtu kumtoza riba maskini. Kwa hiyo mfuko wa jamii, ule wa shida za wanachama, utengwe na ukopeshe bila riba, na bei ya hisa ipangwe kwa uwezo wa aliye chini, si wa mwenyekiti. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na mtunza sanduku asiwe na hata mmoja. Mikopo ifungwe wiki kadhaa kabla ya mgao. Ikiachwa wazi, siku ya kugawana mnagawana majina ya wadaiwa.

Huruma nayo ina gharama zake. Kumbukumbu la Torati 15 inafuta madeni kila mwaka wa saba, na papo hapo, aya ya 9, inaonya mtu asimnyime ndugu yake mkopo kwa sababu mwaka wa saba uko karibu. Wenye mali waliufunga mkono kweli, hata Hillel, mwalimu wa sheria wa Kiyahudi, akaweka utaratibu wa kukabidhi hati ya deni mahakamani ili lisifutike. Kikundi kinachosamehe kila anayechelewa kitakosa cha kukopesha.

Nehemia, liwali aliyesimamia ujenzi wa ule ukuta, anakiri katika sura ya 5 aya ya 10 kwamba yeye na watumishi wake nao wanakopesha. Kisha anataka mashamba na nyumba zirudi siku ileile, pamoja na ile sehemu ya mia, na anawaita makuhani washuhudie kiapo.

Mkikutana wiki hii, fungueni katiba kwenye kifungu cha dhamana. Andikeni vitu kwa majina: cherehani, jembe, baiskeli ya kuuzia maziwa, sufuria za mama lishe, simu anayopokelea malipo. Hivi havishikwi. Na anayetumwa kudai asimame nje ya mlango.